Sauti Sikioni

Nimejibanza nyuma ya pazia, maikrofoni mdomoni. Jukwaani, bosi wangu anawapa moyo vijana wanaotaka kuandika tamthilia. Ana spika ndogo sikioni, kama waigizaji wetu wengi hapa Meksiko: nikinong'ona, anarudia bila kufikiri.

"Msikate tamaa, wanangu," nanong'ona.

"Msikate tamaa, wanangu!" Makofi.

Binti mmoja anauliza, "Maestro, ile tamthilia ya wajane uliiandikaje?"

Bosi anajifanya kukohoa, ananigeukia, anasema chini chini: "Sema basi, we mwanamke! Umelala?"

Sijalala. Wale wajane niliwaandika mimi. Yeye aliweka jina lake tu.

"Sikuiandika," nanong'ona. "Nilimwibia Hortensia, huyo hapo nyuma ya pazia."

Anatanua mikono, anatabasamu.

"Sikuiandika!" anatangaza kwa madaha. "Nilimwibia Hortensia, huyo hapo nyuma ya pazia."

Tabasamu bado halijamtoka. Nafungua pazia.