Mashahidi Watatu wa Ombati

Siku hiyo mjinga alikuwa Ombati, na hata leo akiisimulia huanza kwa kukiri hivyo, kabla wengine hawajamsaidia.

Alifika kituo cha majani chai cha Ekerenyo saa tisa alasiri, spika ndogo kwapani, fomu mkononi, kalamu mbili mfukoni endapo moja ingemsaliti. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakilisubiri lori la kiwanda, ambalo kama kawaida halikuwa na haraka.

"Mama zangu, leo nawahitaji," akasema. "Nimeibiwa."

"Pikipiki?" akauliza Mokeira.

"Hadithi."

Wakacheka. Mokeira akasema afadhali ingekuwa pikipiki, maana hiyo mtu angeiona ikipita.

Kwa miaka mitatu Ombati alikuwa na podikasti yake, vichekesho vya huku kwetu, alivyovirekodi ndani ya kabati la nguo ili ng'ombe wa jirani asisikike. Watu mia mbili na kumi walikuwa wakiilipia kila mwezi, wengi wao watoto wa Nyamira walioko Nairobi na ng'ambo, wenye hamu ya kwao. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa mtu.

Kisha akaja Sultani Mbavu.

Huyo Sultani hahitaji kujulishwa kwa yeyote. Uso wake uko kwenye runinga, uko kwenye tangazo la mafuta ya kupikia, uko ubavuni mwa mabasi. Siku alipoamua kwamba naye ana podikasti, wenye programu inayorusha podikasti hizo waliubandika uso huohuo ukurasa wa mbele wote, na aliyemtaka Ombati ikabidi ashuke na kidole mpaka kiote sugu. Wasikilizaji wakabaki arobaini na mmoja. Halafu ikaja barua: kipindi kisichofikisha wasikilizaji mia moja ifikapo mwisho wa mwezi kitaondolewa. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa.

Hayo angeyameza. Kilichomkaba koo ni kwamba Sultani, mtu wa mjini asiyejua kama chai huchumwa au huchimbwa, alikuwa akisimulia hadithi zilezile. Jogoo wa shemasi! Yule shemasi aliyeficha jogoo ndani ya gunia la majani ili kilo ziongezeke, jogoo akawika juu ya mizani. Ombati aliirusha Februari. Sultani akairusha Mei. Na kila Ombati alipojaribu kumsikiliza, alifika pale jogoo anapowika, hasira zikampanda, akazima.

Sasa alikuwa na fomu ya malalamiko. Wenye programu wakithibitisha kwamba ameibiwa, kipindi chake hakitaguswa. Fomu ilitaka mashahidi watatu tu.

"Mtu maarufu ana kila kitu," akawaambia wanawake. "Ana runinga, ana mabasi, hata mafuta ya kukaangia ni yake. Sisi wadogo tuna nini? Tuna hadithi. Na hizo nazo anakuja kuzila. Fisi!"

"Fisi kabisa," wakaitikia.

Mong'ina Nyakerario, mkubwa wao kwa umri, akamsogezea gunia akae. Ndivyo alivyomfanyia karibu kila alasiri kwa miaka hiyo mitatu, Ombati alipokuja kupiga soga. Au tuseme kusikiliza soga, maana mwenyewe hakuwa msemaji mpaka aingie kabatini.

Akawasha spika. Sultani akasimulia, shemasi akaficha, jogoo akawika. Wanawake wakacheka hadi Nehemiah, karani wa mizani, akatoka kutazama kulikoni.

Safari hii Ombati hakuzima. Alikuwa na kesi ya kushinda.

"Sasa semeni ukweli mbele ya Mungu na mbele ya karani," akasema. "Hadithi hii mliisikia wapi mara ya kwanza?"

"Hapa hapa!" wakajibu kwa pamoja.

"Kabla ya huyu Sultani?"

"Aa, kabla sana!"

"Nehemiah, umesikia kwa masikio yako! Andika majina. Anza na Mong'ina." Akampa fomu na kalamu zote mbili, akaanza kuzunguka baina ya magunia akipeana mikono kama mgombea aliyekwisha kuhesabiwa kura.

Nehemiah hakuandika. Alikuwa amekiinamisha kichwa kuelekea kwenye spika, ambako Sultani alikuwa bado anaongea.

"...na jogoo huyo, wapendwa, sikumtunga mimi. Nimepewa na bingwa mwenyewe, Nyakerario, mchuma chai wa Ekerenyo. Mama, asante sana."

Vigelegele vikalipuka. Ombati akatazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja ulioshangaa. Hakuupata.

"Mong'ina!" akasema, sauti ikimtoka nyembamba. "Ni wewe? Mimi mtoto wa hapa nafungiwa kipindi Ijumaa, na wewe unampa yule hadithi zangu?"

"Zako?" Nyakerario akakung'uta vijani vya chai vilivyomganda kwenye leso. "Miaka mitatu unakaa kwenye gunia langu, simu inarekodi mfukoni, ukidhani sisi ni vipofu. Jina langu hujalitaja hata kwa kukosea."

"Lakini wote mmesema hapa kwamba yule ni fisi!"

"Fisi ni fisi, mwanangu," akasema Nyakerario. "Ila yule alibisha hodi."