Doa Kando ya Mlango

Senkondo alikuwa akikipaka rangi ya kutu kiwanda kidogo cha pamba alichokitengeneza kwa kadibodi, ili akiweke kando ya reli ya treni yake ya mezani. Dada yake, Namkunda, akaja akasimama nyuma yake. Tangu mumewe afie kwenye kiwanda halisi, walikokuwa wakifanya kazi pamoja, hakuwahi kukitaja.

"Hapo mlangoni umekosea," alisema.

"Nimekosea nini, dada?"

"Ukuta ni safi mno. Tulikuwa tunaushika tukivua viatu. Na mwenzangu mikono yake ilikuwa grisi tupu."

Senkondo akampa brashi. Namkunda akaichovya kwenye rangi nyeusi, akagusa ukuta mara moja, taratibu. Kisha akavuta kiti, akainama hadi usawa wa mlango, akachungulia ndani.