Mwalimu Asiyepata Hasara

Mwanakombo alikuwa keshafika mlangoni, viatu mkononi, Mwalimu Shebe alipomwita mbele ya darasa zima la biashara ya sarafu za kigeni.

"Dada, unaukimbia utajiri?"

"Nimekuomba kitu kimoja tu, mwalimu. Tufungulie akaunti yako, tuone hata hasara moja."

"Mimi sijawahi kupata hasara, bibi we!"

Wanafunzi wakapiga makofi.

"Basi hunifai. Mtaji huu nimeupata kwa kuuza cherehani yangu. Simkabidhi mtu asiyejua kuanguka."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Baadaye Shebe alihamia mji mwingine na mitaji ya wanafunzi wake. Waliopiga makofi walibaki wakimpigia simu isiyopokelewa. Mwanakombo bado anajifunza, kwa Bi Tunu, mwalimu mwingine wa biashara hiyo, ambaye siku ya kwanza alimwonyesha hasara zake zote, moja baada ya nyingine, mpaka chai ikapoa.