Kucha za Siamanta

Sankale alizimimina kucha za binti yake kiganjani kutoka kwenye kichupa, akazihesabu kwa kidole. Tano. Zilikuwa zimeanza kugeuka manjano.

"Fanya haraka, mzee," Semboja alinong'ona, mgongo wake ukiegemea mlango wa stoo. "Wakinikuta nimekufungulia, kazi sina. Wenzangu wawili wameshapunguzwa mwaka huu."

Sankale aliinama, akazitemea mate kidogo, kama wafanyavyo wazee wa Kimaasai wanapombariki mtoto. "Engai akutunze, Siamanta," alimwombea kwa Mungu wao. Akazirudisha kwenye kichupa, moja moja. Semboja akakifunga na kukificha tena kabatini.

Siamanta alikuwa na miaka kumi na saba alipokutwa amenyongwa kwenye korongo huko Mazingara, mwaka 1992. Alikuwa amepigana. Daktari aliyeuchunguza mwili wake hospitalini Korogwe alimkata kucha za mkono wa kulia, maana chini yake palikuwa na ngozi ya mtu. Wiki hiyohiyo Ezra, mnunuzi wa ng'ombe, alionekana na makwaruzo shavuni. Alisema ni miiba. Polisi walimweka ndani siku nne, wakamwachia.

"Ngozi haisemi, mzee," mpelelezi alimwambia Sankale. "Labda siku moja itapatikana mashine ya kuisemesha."

Basi Sankale akaisubiri mashine. Kila mwaka baada ya masika alitembea hadi barabarani, akapanda basi mpaka Korogwe, akiwa na kibuyu cha maziwa cha kumpa Semboja, mtunza stoo wa hospitali. Hakuomba kitu zaidi ya kuzishika kucha zile. Stoo haikuwa na dirisha wala dari. Bati lilikuwa juu ya kichwa, na mchana joto lake lilikuwa la tanuri. Semboja hakuwahi kumkatalia. Naye alikuwa na mabinti.

Ezra alistawi. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, alinunua lori, akawa anapeleka ng'ombe Dar es Salaam. Wakikutana mnadani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusalimia. "Shikamoo, mzee." Sankale hakuwahi kuitikia marahaba.

Mwaka wa kumi na moja, mashine ilipatikana. Sankale aligonga milango ya ofisi miezi saba mpaka faili likafunguliwa upya, na mtaalamu wa maabara, Daktari Lea, akaja kutoka Dar es Salaam. Alipoingia stoo alisimama kwanza, akajifuta jasho.

"Miaka kumi na moja, humu?" aliuliza. "Mzee, vinasaba ni kama uzi mrefu. Joto linaukatakata. Kila mwaka vipande vinazidi kuwa vifupi, mwisho mashine haioni kitu. Nitajaribu, lakini usitegemee sana."

"Jaribu, mwanangu," Sankale alisema. "Nataka jina moja tu."

Daktari Lea alimwomba afungue kinywa, akampitishia kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Sankale alishangaa, alidhani wangetaka damu.

"Mate yanatosha," daktari alimwambia. "Yako yatatusaidia kuvitambua vinasaba vya binti, tusivichanganye na vya muuaji. Hata tone moja linasema kila kitu."

Semboja, aliyekuwa amewashikia taa, aliiweka mezani. Alisema anafuata chai. Hawakumwona tena siku hiyo.

Ezra naye alichukuliwa mate. Alifungua kinywa huku akicheka.

Majibu yalichukua wiki tisa. Polisi walipomwita Handeni mjini, Sankale alivaa shuka jipya na kumwambia mkewe achinje mbuzi, wapate kula akirudi.

"Mashine imesoma," mpelelezi alisema. "Kwenye kucha kumekutwa vinasaba vya mwanamume mmoja. Vimesomeka vizuri kabisa, utadhani ni vya jana."

Sankale alishika meza. Alijikuta analia mbele ya vijana wenye bunduki na hakuona haya.

"Nilijua," alisema. "Miaka yote nilijua ni Ezra."

"Ezra hayumo." Mpelelezi alifungua droo, akatoa pingu. "Ni wewe, mzee."

Sankale aliitazama karatasi ya majibu iliyokuwa mezani, asiyoweza kuisoma. Alipoelewa, hata hakupaza sauti. Aliwaeleza kwa utulivu, kama mtu anayewaelekeza wageni njia: kwamba ni mate yake kweli, kwamba ilikuwa baraka, kila mwaka, na kwamba yupo shahidi. "Muulizeni Semboja. Yeye ndiye aliyekuwa akinifungulia."

Kesho yake walimleta Semboja. Sankale alipomwona mlangoni uso ulimng'aa, akainuka na pingu zake kumsalimu. Mpelelezi aliweka kichupa mezani.

"Kimewahi kufunguliwa hiki?"

"Hapana, afande," Semboja alijibu. "Mzee huyu alikuwa anaishia mlangoni."