Sauti Ilimtaja Mama

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na sauti ya tahadhari, kama ndani ya ndege. Jioni ile rubani Mwanakheri alikuwa akimenya machungwa sebuleni, sauti ikitangaza: chai ni ya moto, zulia limekunjika, mama hapumui vizuri, dirisha liko wazi.

Mumewe, Tindwa, aliporudi alimkuta mama yake chumbani, amezimia. Alimpa oksijeni mpaka akazinduka, kisha akatoka kwa hasira.

"Imemtaja mama mara kumi na nne! Hukusikia?"

"Nilisikia," Mwanakheri alifoka. "Sauti kama hii inanipigia kelele ndegeni kutwa, na hapa vilevile. Ningejuaje kwamba safari hii ni kweli?"

"Na kesho unarusha watu wangapi?"

"Mia mbili," alijibu, akaliweka chini chungwa alilokuwa akimenya.