Wimbo Uliodaiwa Wodini

Wapo watoaji wa kuchefua, na mmoja wao alikuwa Tausi. Siku ya Idi aliingia wodi ya watoto wanaougua kifua, nyuma yake Punda amebeba maandazi, maziwa na nguo mpya. Kabla ya kugawa chochote akasema, "Kwanza waniimbie wimbo wa shukrani."

Watoto wakajaribu, wakaishia kukohoa mpaka machozi yakawatoka.

Nungunungu, aliyekuwa akimuuguza mwanawe, akainuka miiba imemsimama. "Bwana mkubwa, tunashukuru, Mungu akuzidishie. Lakini pumzi waliyo nayo ni ya kuishi, si ya kukusifu wewe."

"Hawana adabu hawa. Punda, tunarudi na vitu vyetu."

Punda alikuwa ameshatua mzigo. "Tulipatana kuleta," alisema. "Kurudisha hatukupatana. Beba mwenyewe."

Tausi akautazama mzigo, akautazama mkia wake, akatoka.

Watoto walipokunywa maziwa, wakaanza kuimba bila kuambiwa, wakipokezana kila mmoja alipoishiwa pumzi. Tausi, aliyekawia getini akijipanga manyoya, akatega sikio asikie jina lake. Wimbo mzima ulimtaja Punda.