Seli za Mama

Kwenye maabara ile, katika hifadhidata ya vifo vya seli, kila sampuli ilikuwa imejibiwa swali moja: seli zake zilikufaje? Ilibaki moja, na seli zake zilikuwa bado hai.

Sumayiya alichungulia tena kwenye hadubini. Lebo ilikuwa na namba tu, lakini aliibandika yeye mwenyewe. Seli hizi zilitoka kwenye uvimbe uliomuua mama yake. Na mama walishamzika kwenye makaburi ya Kibuli; kilichobaki hai cha mwili wake ni hizi seli, nono, zikigawanyika bila wasiwasi.

"Dada, weka dawa zife, tuandike zilivyokufa, tumalize," mwenzake alimhimiza.

Tone lilining'inia kwenye ncha ya pipeti, kile kimrija cha kudondoshea dawa. Akaiweka chini. Akaichukua tena.

"Unangoja nini?"

Akavuta mtandio kichwani, kama siku ile ya kuosha maiti ya mama.

"Bismillahi."